Njia ya Siku Zote

Wahenga walisema kwamba njia ya siku zote haina alama. Methali hii ni fupi, lakini ina nyuso mbili. Uso wake wa kwanza ni wa sifa: mtu aliyeizoea njia hahitaji jiwe lililopakwa chokaa wala ubao wa kumwonyesha kuume na kushoto, miguu yake yenyewe yajua. Uso wa pili ni wa onyo: kwa kuwa haitazamwi tena, njia huweza kugeuka mwenyewe asijue, na yule adhaniaye kuwa anaiona njia huwa anaiona kumbukumbu yake tu. Baina ya nyuso hizi mbili limelala swali zito, nalo ni hili: Je, mazoea humpa mtu haki juu ya kitu alichokizoea, au humtwika deni?

Swali hili laweza kuulizwa juu ya ndoa, juu ya kazi, juu ya imani na juu ya utawala. Lakini mambo makubwa yana desturi ya kukaa ndani ya mambo madogo, na mara nyingi ni afadhali kuyatafuta huko, maana huko hayajazungukwa na kelele. Insha hii yalitafuta katika jambo dogo sana: mtu mmoja juu ya baisikeli, katika njia za vilimani anazozijua, siku ambayo mvua imekwisha kunyesha na ardhi imekuwa tope.

Baisikeli ya milimani si chombo cha zamani. Asili yake yatajwa kuwa huko California, Marekani, katika vilima vya wilaya ya Marin, ambako katika miaka ya 1970 vijana walichukua baisikeli kuukuu zenye matairi manene wakashindana kuteremka nazo njia za milimani. Mashindano yao yaliyopata jina yalianza mwezi wa Oktoba 1976. Mteremko wenyewe ulikuwa mkali hata grisi iliyokuwa ndani ya breki za gurudumu la nyuma iliungua ikawa moshi, na kila baada ya safari moja ilibidi kujaza grisi mpya. Miaka 20 baadaye, mwaka 1996, mchezo huo uliingizwa katika Michezo ya Olimpiki mjini Atlanta. Hivyo ndivyo uchezaji wa vijana wachache ulivyopata sheria, waamuzi na medali. Lakini kabla ya medali ulipata ugomvi: katika miaka ya 1980 waenda kwa miguu wa vilima vile vile walilalamika kwamba wanashtushwa na kusukumwa kando, na wenye madaraka wakazifunga njia nyingi nyembamba zisipitwe na baisikeli. Waliozileta baisikeli vilimani walizijua njia zile kuliko watu wengi, na pengine ndiyo maana waliona ajabu kuzuiwa.

Milima ya Usambara, katika Mkoa wa Tanga, ni mahali pafaapo kulipima swali hili. Barabara hupanda kutoka Mombo, penye joto la tambarare, ikapita Soni na kufika Lushoto, mji ulio juu ya bahari kwa mita 1,400 hivi. Kutoka kwenye barabara hiyo zimetawanyika njia nyembamba zisizohesabika. Zapanda migongo ya vilima, zashuka mabondeni, zapita kati ya migomba na mahindi, zaingia msituni na kutokea upande wa pili. Njia hizi hazikuchorwa na mhandisi. Zilichorwa na miguu. Kila siku hupitwa na wanafunzi waendao shule, na wanawake wenye kuni, na wakulima wenye mizigo ya viazi, kabichi na karoti, ambayo baadhi yake huishia katika masoko ya Tanga na Dar es Salaam. Na katika miaka hii ya karibuni hupitwa pia na mtu wa namna nyingine, aliyepanda baisikeli ya magia mengi, asiyebeba kitu ila chupa ya maji, na asiyekwenda mahali ila kwenda kwenyewe.

Mtu huyo, akiwa amezirudia njia zile kwa miaka, hupata elimu isiyodharaulika. Aujua mzizi uliokatiza njia baada ya kona ya tatu, na ajua kwamba mzizi uliolowa hauendewi kwa ubavu, bali hukatwa kwa mstari ulionyooka, la sivyo gurudumu huteleza kama samaki mkononi. Ajua mahali pa kubadilisha gia kabla ya mwinuko haujaanza, maana baada ya kuanza mnyororo hulemewa. Ajua kuurudisha uzito nyuma katika mteremko, kuibana breki ya mbele kwa vidole viwili kwa upole, na kupeleka macho mbele ya gurudumu, kwa kuwa baisikeli hufuata macho. Elimu hii hakuisoma kitabuni wala hawezi kuieleza yote kwa maneno. Imekaa katika mikono, katika magoti na katika mgongo. Aristotle wa Uyunani alifundisha kuwa wema wa tabia hauletwi na maumbile peke yake, bali hukuzwa kwa kurudia matendo. Ikiwa ndivyo, basi mazoea si adui wa akili wala wa adili. Ni udongo ambamo yote mawili humea.

Walakini, udongo huo huo huotesha magugu. Mazoea yana taabu, husema methali nyingine, na taabu yake ya kwanza ni usingizi wa macho. Aliyepita mahali mara 100 salama huhesabu salama zile kuwa sifa ya mahali, hali huenda zilikuwa sifa ya majira. Njia kavu ya mwezi wa Agosti na njia ile ile katika masika si njia moja, ingawa huitwa kwa jina moja. Udongo mwekundu wa vilima vya Usambara ukiwa mkavu huwa mgumu kama tofali. Ukilowa huwa utelezi na gundi kwa pamoja. Huingia katikati ya meno ya tairi ukayajaza, na tairi lililonunuliwa kwa sababu ya meno yake hugeuka kuwa laini kama chungu kibichi. Hupanda mpaka kwenye fremu ukalizuia gurudumu lisizunguke. Huingia katika mnyororo pamoja na mchanga, na mchanga huo husaga chuma kama msasa. Ndipo mpandaji agunduapo kwamba elimu yake ilikuwa elimu ya njia ya jana.

Hapo tope huwa mtahini mwadilifu kuliko wengi. Halimtazami mtu uso, halijali bei ya baisikeli, wala haliulizi umri wa mazoea. Dimbwi lililotanda katikati ya njia halisemi kina chake. Laweza kuwa la kidole kimoja, laweza kuwa la goti. Mtu aliyeizoea njia hudhani kwamba akumbuka jinsi chini yake palivyokuwa, lakini maji yaliyoteremka usiku yamechukua jiwe alilolijua na kuleta jiwe asilolijua. Kuteleza si kuanguka, husemwa, na ni kweli. Lakini kila aangukaye njiani namna hii alianza kwa kuteleza, na kila atelezaye alianza kwa kutoangalia. Mazoea mema, basi, si yale yanayomwambia mtu kwamba ajua. Ni yale yanayomfanya aone upesi kuliko wengine kwamba leo hajui.

Mpaka hapa jambo ni la mpandaji na mifupa yake. Kama angekuwa peke yake duniani, busara ingetosha na adili lisingeitwa. Lakini dimbwi lina mlango wa pili. Mtu afikapo mbele ya tope ana mambo matatu ya kuchagua: kulipita katikati, kulizunguka kando, au kurudi alikotoka. Ukimwuliza mtu muungwana, hasa aliyevaa nguo safi, atajibu bila kusita kwamba kulizunguka ndiyo njia ya akili. Halidhuru tope, halichafui vazi, halipotezi safari. Na hapo ndipo uovu mdogo unapovaa kanzu ya usafi. Maana ukingo wa njia ndio ulio mgumu, wenye nyasi na mizizi iushikao udongo. Wa kwanza apitaye kando huzikanyaga nyasi zile; wa pili huziua; wa kumi huukuta ukingo nao umekuwa tope, akasogea kando zaidi. Njia iliyokuwa pana kwa hatua moja huwa pana kwa hatua tatu, na hatua ya tatu imo ndani ya shamba la maharage la mtu. Kila mmoja alikwepa tope, na wote kwa pamoja wamelizaa.

Kanuni hii ndogo, ambayo waangalizi wa njia za milimani huifundisha popote, ina maana kubwa kuliko ionekanavyo: aliyekwisha kuingia njiani na akakuta dimbwi, heri apite katikati yake polepole na achafuke, kuliko kupita kando akabaki safi. Usafi wake ulilipwa na mwingine. Ni mangapi katika maisha ya jamii yafananayo na hili? Mtu aonaye ofisi ina uvundo wa rushwa hutafuta mlango wa kando kwa jamaa yake aliye ndani. Hakutoa rushwa, mikono yake ni mikavu, lakini amefungua mlango ambao kesho utapitwa na wengi. Mzazi aonaye shule ya kijiji imeharibika humhamisha mtoto wake kimya kimya, na wenye sauti wakiisha kuhama wote, shule hubaki na wasio na sauti. Si kila azungukaye ana lawama, maana wako wasio na nguvu ya kupita katikati. Lakini ni haki kusema kwamba kukwepa si sawa na kutotenda. Kukwepa ni tendo, na lina nyayo zake.

Kuna jambo la tatu, nalo ni alama. Unyayo wa mtu katika tope huacha kikombe. Tairi huacha mfereji. Kikombe hushika maji mahali pamoja, na jua likiwaka hukauka. Mfereji wa tairi huungana kutoka juu hata chini bila kukatika, na mvua ijayo ikiukuta hufurahi, kwa sababu imetengenezewa njia. Maji yakusanyikayo katika mstari huongeza mbio; yakiongeza mbio huongeza nguvu ya kuchukua udongo; yakichukua udongo huzidisha kina cha mstari. Baada ya misimu michache alama ya mchezo wa asubuhi moja huweza kuwa mwanzo wa korongo.

Hapa mtetezi wa baisikeli ana haki ya kusikilizwa, na hoja yake si ya kubuni. Wataalamu wawili, Wilson na Seney, walilinganisha katika njia za milima ya Montana, Marekani, madhara ya waenda kwa miguu, farasi, pikipiki na baisikeli, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1994. Waliona kwamba kwato na nyayo hulegeza udongo mwingi kuliko magurudumu, na kwamba farasi ndiye aliyezidi wote. Basi, atauliza mtetezi, kwa nini mpanda baisikeli ashitakiwe peke yake, na mwenye gunia la viazi aachwe? Ikiwa kosa hupimwa kwa kilo za udongo, huenda wa baisikeli ndiye mwenye kosa dogo.

Hoja hii yaonyesha kuwa gurudumu si shetani, nayo ni kweli. Lakini haionyeshi kwamba mwenye gurudumu hana deni. Uzito wa tendo haukai katika mizani ya udongo peke yake. Hukaa pia katika haja iliyolileta, na katika mkono utakaolirekebisha. Mkulima apitaye njiani siku ya tope hupita kwa sababu viazi havingoji na lori la soko haliahirishi safari. Njia ikiharibika, yeye ndiye atakayeteleza kesho, na yeye na jirani zake ndio watakaokuja na majembe kuziba shimo na kuyageuza maji. Madhara yake na matengenezo yake yamo katika mkono mmoja. Mpandaji wa starehe amekuja bila ya haja ya siku ile. Angeweza kuja siku ya tatu, ardhi ikiisha kukauka. Naye aondoka kabla alama yake haijazaa. Hatamwona mama atakayeikanyaga akiwa na mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Dhara lisilo na haja, lililoachwa kwa mtu asiyelifanya, ni dhara zito hata likiwa dogo.

Lakini je, starehe yenyewe ni kosa? Wako wasemao kwamba mahali ambapo wengi hubeba mizigo, ni aibu kwa mmoja kucheza. Maneno haya yana sauti ya huruma, lakini yakifuatwa hata mwisho yatafuta ngoma, mashairi, bao na mpira, maana hapana siku ambayo wote wamepumzika. Binadamu hakuumbwa awe punda wa haja zake. Mtu afanyaye kazi kwa akili juma zima, kisha akapanda kilima kwa nguvu ya miguu yake mpaka pumzi ikamkata, akasimama kwenye ukingo wa Irente akaiona tambarare ya Mazinde imelala chini yake kama mkeka, hakuiba kitu. Amerudishiwa kitu. Amekumbushwa kwamba ana mwili, kwamba mwili una mipaka, na kwamba dunia ni kubwa kuliko meza yake. Mchezo ni haki. Linaloulizwa ni kama haki hiyo hutangulia au hufuata pale inapokutana na haja katika njia isiyotosha watu wawili.

Sheria ya nchi moja ilipata kulijibu swali hili kwa maneno machache. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1968 iliwaruhusu wapanda baisikeli kupita katika njia zilizokuwa za waenda kwa miguu na wapanda farasi, lakini kwa sharti kwamba wawapishe hao waliotangulia. Ruhusa na wajibu viliandikwa pamoja, kama pande mbili za sarafu. Vilima vya Afrika Mashariki havikuhitaji kungoja sheria hiyo, kwa sababu adabu ya njia ilikuwapo tangu zamani: asiye na mzigo humpisha mwenye mzigo, na mdogo huanza kumwamkia mkubwa. Mpandaji ashukaye kwa mbio, akimwona mama anapanda na tita la kuni, akibana breki mapema, akashuka, akaiegemeza baisikeli upande wa bondeni na kusema, "Shikamoo mama, pole na kazi," amekwisha kulipa sehemu kubwa ya deni lake. Akijibiwa, "Marahaba, mwanangu, angalia huko chini pameporomoka," amelipwa naye, tena kwa elimu ambayo miaka yake yote ya mazoea haikumpa. Yule apigaye kengele na kupita kama upepo, huku mama akiparamia ukingo, ameokoa nusu dakika na kupoteza mwalimu.

Historia ya Usambara yenyewe ina fundisho juu ya wageni na haki zao. Kitabu cha Habari za Wakilindi, alichokiandika Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, chasimulia habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Ungulu akaingia milima hii. Aliyajua mapori kama mwindaji ayajuavyo, lakini kuyajua kwake hakukumfanya mwenyeji. Watu walimpokea kwa sababu aliwaua nguruwe waliokuwa wakila mazao, na nyama akawagawia. Alichotoa ndicho kilichomweka. Walakini hadithi ina mwiba wake. Ukoo wake ulitawala kutoka Vuga kwa vizazi, na baada ya kufa kwa Kimweri mwaka 1862 nchi iliingia katika vita vya warithi, na Wabondei wakaasi. Zawadi iliyokuwa chimbuko la heshima ilikuwa imezoeleka mpaka ikageuka madai. Hivyo hata haki iliyopatikana kwa wema huoza ikiwa mwenyewe ataihesabu kuwa mali, asiendelee kuitolea jasho.

Washambaa walikuwa na maneno mawili ya kumpimia mtawala: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu nchi. Mvua ikinyesha kwa wakati na chakula kikajaa, mtawala ameiponya. Njaa na ugomvi vikija, ameiharibu. Hapana neno la tatu baina ya hayo. Kipimo hiki hakimwulizi mtu ajua nini, wala ametawala miaka mingapi. Chauliza nchi imekuwaje mikononi mwake. Ni kipimo cha wafalme, lakini hakuna kinachozuia kukitumia kwa mtu wa kawaida. Kila apitaye mahali huponya au huharibu kwa kiasi chake.

Na kipimo hicho huwakamata hata wenye elimu kubwa na nia njema. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha huko Mlalo mpango wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, na baadaye ukaenezwa katika sehemu nyingine za Usambara. Wakulima waliamriwa kulima kwa matuta katika mashamba ya miteremko. Hofu ya mmomonyoko haikuwa ya uongo. Udongo ulikuwa unakwenda. Lakini amri ilikuja kutoka kwa watu waliokijua kilima kwa ramani, ikawaangukia watu waliokijua kwa jembe, na mzigo wa kazi ukawa wao hawa. Upinzani ulikuwa mkubwa, wanawake wakiwa mbele, na kabla ya miaka ya 1950 kwisha mpango ulikuwa umeachwa. Katika Uluguru amri ya kuchimba ngazi mashambani ilileta ghasia mwaka 1955. Yapasa kuona kosa lilikuwa wapi. Waliotoa amri walikuwa na maarifa bila mazoea. Mpandaji wa starehe ana mazoea bila mzigo. Wote wawili hukosa kitu kimoja, nacho ni kukaa mahali ambapo matokeo ya tendo hurudi.

Kutokana na hayo jibu la swali laanza kuonekana. Mazoea hayawezi kuwa hati ya kumiliki, kwa maana kama kuizoea njia kungetosha kumpa mtu njia, basi maji ya mvua yangekuwa mwenye njia wa kwanza. Yameizoea kuliko wote, hupita kila mwaka, na kila yapitapo huibomoa. Kupita mara nyingi si sifa. Lakini mazoea si bure pia. Aijuaye njia ndiye pekee awezaye kutambua kwamba mchirizi huu haukuwapo mwezi uliopita, kwamba ukingo huu umeanza kupasuka, kwamba maji yakigeuzwa hapa kwa jiwe moja hayatalifikia shamba la pale. Mgeni apitaye mara moja huweza kusamehewa kwa kutoona. Hakuwa na cha kulinganishia. Mwenye mazoea hawezi kusamehewa vivyo hivyo. Macho yake yamepewa kitu cha ziada, na kilichotolewa kwa ziada hudaiwa kwa ziada. Mazoea, basi, ni deni.

Namna ya kulilipa si ngumu kuitaja, ingawa ni ngumu kuitenda. Kwanza ni kuitazama njia kila siku kama mtu asiyeijua, kwa maana heshima ya kwanza kwa kitu ni kukiona kilivyo leo. Pili ni kumpisha mwenye haja bila kungoja kuombwa. Tatu ni kupita katikati ya tope lililo lako, wala si kulipanua kwa ajili ya usafi wako. Nne ni kuchukua jembe siku wenyeji wanapoitengeneza njia, kwa kuwa aliyeshiriki kuiharibu hana ruhusa ya kuwa mgeni siku ya kuijenga. Na ya tano, iliyo kubwa kuliko zote, ni kurudi.

Kurudi hakusifiwi sana. Wimbo wa ushujaa huimbwa kwa aliyefika, si kwa aliyesimama chini ya kilima, akaubonyeza udongo kwa kisigino, akaona unabonyea, akaigeuza baisikeli yake. Hapana aliyemwona, hapana atakayemshukuru, na njia aliyoiacha bila alama haitatoa ushahidi kwamba aliiacha. Kwa hiyo tendo hili lina usafi ambao matendo mengi mema hayana: haliwezi kufanywa kwa ajili ya sifa. Mtu hurudi kwa sababu amemwona moyoni mtu asiyekuwapo, yule atakayepita kesho na mzigo wake, akamhesabu kuwa yupo. Uwezo huo wa kumwona asiyekuwapo ndio mzizi wa kila uadilifu, maana wanaodhulumiwa zaidi duniani ni wale ambao hawakuwapo siku tendo lilipotendwa: wa kesho, wa mbali, na wasiozaliwa.

Njia ya siku zote haina alama, walisema wahenga, na huenda maneno yao yakabeba maana ya tatu pamoja na zile mbili za mwanzo. Aliyeizoea njia kwa haki haachi alama juu yake. Hupita mara nyingi, hupita kwa furaha, na anayemfuata huikuta njia kana kwamba yeye ndiye wa kwanza kupita.